Fremu ni Ipi? Namna ya Kusoma Rasimu ya Sheria Inayogusa Vipande vya Bunduki

Tanga ni mji wa baiskeli, basi nianze na baiskeli. Umeibiwa yako pale Ngamiani. Baada ya wiki unaitwa kuonyeshwa magurudumu mawili, mnyororo na usukani. Je, baiskeli imepatikana? Mafundi niliowauliza walinijibu kwa swali moja: fremu iko wapi? Namba imegongwa kwenye fremu. Ringi utabadilisha, siti utabadilisha, hata uma wa mbele utabadilisha, na baiskeli bado ni ile ile. Fremu ikiondoka, mkononi una vipuri tu.

Kwa bunduki swali ni hilo hilo, ila jibu lake linaweza kumpeleka mtu jela. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, sasa nimestaafu, na majirani hawajaacha kuniletea karatasi. Siku hizi karatasi zenyewe huja kwa simu. Mmoja aliniletea ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, unaosema Marekani imebadili sheria na sasa "hata skrubu ni bunduki", na kwamba kwetu itafika. Nikamwambia tukae tusome wenyewe. Yaliyotokana na kikao kile, kahawa ikiwa imepoa, ndiyo haya. Yatamfaa mwenye leseni, mrithi wa mwenye leseni, fundi wa vyuma, diwani, na yeyote anayeshikishwa rasimu yenye maneno "silaha na vipande vyake".

Hatua ya 1: Kabla ya kusoma, funga sanduku

Naweka hili mwanzo kwa sababu watu wengi hawaulizi maana ya sheria mpaka wawe na kitu nyumbani. Kwetu ilikuwa hivyo. Babu yetu mmoja wa upande wa mama alikuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge huko Muheza, na alikuwa na bunduki ya marisau kwa leseni. Alipofariki, kila mtu alidhani mwenzake ameirudisha. Miaka ikapita. Siku ya kubomoa chumba cha uani likatokea sanduku, na ndani yake mtutu, na kile kipande cha katikati chenye triga. Kitako mchwa walishakimaliza.

Shemeji akasema, "Hii si bunduki tena, ni vyuma." Mpwa wangu alishampigia mnunuzi wa chuma chakavu.

Nilichofanya ndicho ninachokushauri. Sikushika, sikufuta kutu, sikujaribu kuunganisha. Bunduki ya zamani unaichukulia kuwa ina risasi mpaka mjuzi akuthibitishie vinginevyo. Sikuipakia kwenye daladala kuipeleka kituoni, maana njiani ukikaguliwa, maelezo yako yanakuwa ya mtu aliyekamatwa, si ya mtu aliyejitolea. Nilifunga chumba, nikamwita mjumbe na mwenyekiti wa mtaa waone, kisha tukawaendea polisi mikono mitupu kuwaeleza kilipo. Picha usirushe kwenye kundi la familia. Namba ya silaha si ya kutembezwa.

Polisi walikuja. Askari aliyeandika kitabuni aliandika "vyuma viwili chakavu". Nikamwomba kwa adabu, "Afande, tafadhali andika mtutu mmoja, na bodi moja yenye triga, na namba iliyogongwa." Akanitazama kama mtu anayejiona mjuaji. Nilikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo inayojaza mwongozo wote huu: jina utakalokiita kile chuma ndilo litakaloamua kama familia imerudisha bunduki au imerudisha vyuma, na bunduki bado inadaiwa.

Hatua ya 2: Tambua ni karatasi ya nani, na ya aina gani

Uliza maswali mawili. Ya nchi gani? Na imetoka bungeni au kwa waziri?

Ule ujumbe wa WhatsApp ulikuwa na chembe ya ukweli. Marekani ina sheria ya udhibiti wa bunduki ya mwaka 1968, iliyopitishwa na bunge lao. Sheria hiyo inasema "silaha ya moto" ni silaha yenyewe, na pia fremu au bodi yake. Yaani fremu tupu, bila mtutu wala risasi, kisheria ni bunduki. Lakini bunge halikueleza fremu ni kipande kipi. Kazi hiyo iliachiwa idara yao inayosimamia silaha, ATF, ambayo iliandika tafsiri kwenye kanuni. Tarehe 21 Mei 2021 ATF ikatangaza mapendekezo ya kuibadili tafsiri hiyo, ikapokea maoni kwa siku 90, ikatoa kanuni ya mwisho tarehe 26 Aprili 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti mwaka huo.

Kwa hiyo sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni haina ruhusa ya kuipita sheria iliyoizaa. Kwa hoja hiyo watu walikwenda mahakamani. Machi 26, 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, ilikataa hoja kwamba kanuni ile yote imevuka mipaka ya sheria. Mwaka uliotangulia, Juni 14, 2024, mahakama hiyo hiyo, 6 kwa 3, ilikuwa imeifuta kanuni nyingine ya idara hiyo hiyo, iliyokiita kifaa cha kuongeza kasi ya kufyatua "bunduki ya rashasha". Idara ni moja na mahakama ni moja, lakini kanuni moja ilisimama na nyingine ikaanguka. Ndiyo maana nasema jua kwanza kama ulichoshika ni mtoto (kanuni) au mzazi (sheria).

Kwetu mzazi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Mabadiliko yake huja kwa muswada unaopita bungeni Dodoma. Kanuni zilizo chini yake hutungwa na waziri na kutoka kama Tangazo la Serikali lenye namba. Karatasi isiyo muswada, isiyo na namba ya tangazo, na isiyosema imetungwa chini ya kifungu gani, hiyo ni porojo hata ikiwa na nembo.

Hatua ya 3: Nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tafsiri

Wasomaji wengi hukimbilia adhabu. Usianze huko. Anzia kule mbele penye orodha ya maneno yenye alama za kunukuu. Chukua kalamu, zungushia maneno manne madogo: "maana yake ni", "inajumuisha", "na", "au".

"Maana yake ni" hufunga mlango: kisichotajwa hakimo. "Inajumuisha" huuacha wazi: vilivyotajwa vimo, na vingine vinaweza kuingizwa. Rasimu inayosema "kipande cha silaha inajumuisha mtutu" haijakuambia mwisho wake ni wapi. Hiyo pekee inatosha kukufanya uandike maoni.

Sasa "na". Tafsiri ya zamani ya Marekani ilisema fremu au bodi ni kile kipande kinachobeba nyundo, komeo la kufunga nyuma ya risasi, *na* mtambo wa kufyatulia, na ambacho kwa kawaida mbele kina hesi za kupokea mtutu. Kwa bunduki za enzi za babu yangu maelezo hayo yalikaa vizuri. Lakini bunduki aina ya AR-15 bodi yake imegawanyika mara mbili. Nusu ya chini ina nyundo na mtambo wa kufyatulia. Nusu ya juu ina komeo, na ndiyo inayopokea mtutu. ATF kwa miaka mingi iliihesabu nusu ya chini kuwa ndiyo bunduki. Mawakili wa washtakiwa wakasimama: neno ni "na", onyesheni kipande kimoja chenye vyote. Majaji wa California na Ohio walikubaliana nao. ATF ikaeleza katika mapendekezo yake ya 2021 kwamba kwa usomaji huo, hadi asilimia 90 ya bunduki zilizoko nchini mwao zisingekuwa na kipande chochote kinachoitwa fremu. Baiskeli zimejaa barabarani, na kisheria hakuna yenye fremu! Nilipowasimulia hili pale barazani, mzee mmoja fundi alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Kwetu kuna jambo la ziada. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Ni jambo jema, lakini lugha ya mtaani haina jina moja la kile kipande cha katikati. Wapo wanaoita bodi, wapo wanaoita fremu, wapo wanaosema kiwiliwili, na wengi huonyesha kwa kidole. Mtutu, kitako, triga na magazini havina ugomvi. Basi ukikuta rasimu ya Kiswahili yenye neno usilolijua, usikae kimya: uliza kipande hicho kinafanya kazi gani, na udai kazi hiyo iandikwe. Jina likipotoka, kazi italinyoosha.

Hatua ya 4: Hesabu. Ni kipande kimoja, au vingi?

Kuna njia mbili kuu, na ni vizuri ujue rasimu yako imeelekea wapi.

Njia ya kwanza ni ya fremu. Kipande kimoja ndicho bunduki, vingine ni vipuri unavyonunua kama mnyororo wa baiskeli. Marekani wako huko. Katika mapendekezo ya 2021 walitaka kupanua, bunduki moja iweze kuwa na fremu zaidi ya moja. Maoni zaidi ya 290,000 yakamiminika, na watengenezaji wakauliza: tugonge namba ngapi kwenye bunduki moja? Kanuni ya mwisho ikarudi kwenye kipande kimoja kwa kila silaha. Kwa bastola, ni kile kinachobeba kidude kinachoishikilia nyundo kabla haijaachiwa. Kwa bunduki ndefu, ni kile kinachobeba sehemu inayoziba nyuma ya risasi. Nusu ya chini ya AR-15 wakaitaja kwa jina iendelee kuhesabiwa kama zamani, ili "na" isiwatoe jasho tena.

Njia ya pili ni ya orodha. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2017, unahesabu kuwa vipande vya msingi mtutu, fremu, bodi ya juu na ya chini, kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma ikifyatuliwa, silinda ya rivolva, na komeo. Kila kimoja kina masharti yake. Uingereza nayo mwaka 2017 iliorodhesha mtutu, chemba au silinda. Fremu, mwili au bodi. Na komeo au mtambo wowote unaozuia nguvu ya mlipuko isirudi nyuma.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto ina maneno ninayoyapenda kuliko yote. Inasema kipande ni kile kilichobuniwa *mahsusi* kwa silaha na ambacho ni cha *lazima* ili ifanye kazi. Kisha inataja mtutu, fremu au bodi, komeo na wenzake, na inaongeza kifaa cha kupunguza sauti. Angalia kufuli mbili hizo. Kufuli ya "mahsusi" ikitolewa, bomba la maji linaweza kuitwa mtutu, na fundi bomba wa Chumbageni akajikuta anajieleza. Ya "lazima" ikitolewa, mkanda wa kubebea bunduki unakuwa kosa. Rasimu ikikosa mojawapo, hapo ndipo pa kupigia kelele.

Rudi kwenye sanduku la babu. Kwa njia ya fremu, tulikuwa na bunduki moja na kipuri kimoja. Kwa njia ya orodha, tulikuwa na vipande viwili vinavyodhibitiwa. Kwa maneno ya shemeji, tulikuwa na kilo kadhaa za chuma.

Hatua ya 5: Tafuta kinachosemwa kuhusu kilicho nusu-tayari

Kilichowasukuma Wamarekani zaidi hakikuwa AR-15, bali vifurushi: fremu ambayo haijamaliziwa, inayouzwa pamoja na vifaa vya kuimalizia, bila namba wala ukaguzi wa mnunuzi. Muuzaji anasema hiki bado si fremu, ni kipande cha plastiki. Bunduki zinazotoka humo polisi wakiziokota hawana pa kuanzia kufuatilia.

Kanuni ya 2022 ikasema kilicho tayari kugeuzwa kwa urahisi kuwa fremu ni fremu, na ikaweka mambo manane ya kupima "urahisi" huo: muda, wepesi wa kazi, ujuzi unaohitajika, vifaa, upatikanaji wa sehemu zilizobaki, gharama, ukubwa wa kazi, na kama inawezekana kabisa. Jaji Gorsuch, aliyeandika uamuzi wa 2025, alitoa mfano wa mtu anayesema amenunua meza IKEA, duka la samani za kuunganisha mwenyewe, wakati bado ana saa kadhaa za kuiunganisha. Mbao ziko kwenye boksi, naye tayari anaiita meza.

Mfano mzuri, ila hautufikishi mbali sana huku. Mafundi wetu wa samani huuza meza iliyosimama. Kwetu mtihani ni gobole, na ni wa mhunzi. Chuma kinaanza kuwa gobole lini? Kikiwa tanurini? Kikishapata umbo? Rasimu nzuri itasema, kwa kipimo ambacho hakimu wa wilaya anaweza kukitumia bila kuita mhandisi. Ukikuta neno "kwa urahisi" peke yake, bila vipimo chini yake, liwekee alama.

Hatua ya 6: Namba inagongwa wapi, na nani, na lini

Hii ni fupi. Tafuta mambo matatu: kipande kitakachobeba namba, mwenye wajibu wa kuigonga, na muda alio nao. Kwa Marekani, mfanyabiashara mwenye leseni anayepokea bunduki isiyo na namba iliyotengenezwa na mtu binafsi lazima aitie alama ndani ya siku 7, au kabla ya kuitoa, lolote litakalotangulia. Kumbukumbu zake azitunze mpaka afunge biashara. Zamani baada ya miaka 20 angeweza kuzitupa. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha nayo yanataka alama ikae kwenye kipande ambacho kikiharibika silaha haifanyi kazi tena. Hoja ni ya baiskeli: hakuna anayegonga namba kwenye siti.

Hatua ya 7: Vya zamani vinaangukia wapi

Soma mwisho wa rasimu, kwenye masharti ya mpito. Kitu kilichokuwa halali jana kina siku ngapi? Marekani waliziacha zihesabiwe kama zamani fremu kamili ambazo ATF ilikwisha kuzitolea uamuzi kabla ya Aprili 26, 2022. Vifurushi vya nusu-tayari hawakuviacha hivyo.

Sisi wa Tanga tuna mzigo wetu wa historia. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi lao kutoka India, wakashindwa hapa mjini na askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, wakarudi melini wakiacha mamia ya bunduki na bunduki za rashasha 16. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa wamebeba Mauser za mwaka 1871, zile zenye moshi mzito. Kwa hiyo siku moja mtu atakuambia, "Hii ni ya kale, sheria haiihusu." Itifaki ya 2001 inaziachia nchi zitafsiri silaha ya kale zenyewe, lakini kwa mpaka: iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Kinachotazamwa ni mwaka wa kutengenezwa, si vita iliyopiganwa. Vitani mwaka mmoja, bega kwa bega, ilikuwepo ya 1880 na ya 1910. Na kabla hujajipa moyo na hiyo ya 1880, soma tafsiri ya sheria ya nchi, si ya itifaki. Ukiwa na wasiwasi, rudi Hatua ya 1. Kama ni kutazama historia, jumba la makumbusho la Urithi liko pale kwenye boma la zamani.

Umoja wa Afrika tangu 2017 umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na serikali yetu nayo hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari. Tangazo husema linahusu nini. Tazama kama limetaja vipande au silaha tu.

Hatua ya 8: Andika maoni yanayosomeka

Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati huita wadau. Muda huwa mfupi, kwa hiyo andika mapema. Usiandike hotuba. Karani anayepokea maoni mia anatafuta vitu vinne: namba ya kifungu, neno lenye tatizo, mfano mmoja wa mtu wa kawaida ambaye neno hilo litamdhuru, au wa mhalifu litakayemnusuru, na maneno unayopendekeza. Kwa mfano:

"Kifungu cha tafsiri, neno 'kipande cha silaha'. Rasimu inasema 'inajumuisha bomba au chuma chochote kinachoweza kutumika kama mtutu'. Kwa maneno haya fundi bomba na muuza vyuma wameingia. Tunapendekeza: 'maana yake ni mtutu, bodi, komeo au silinda, iliyotengenezwa au kubadilishwa mahsusi kwa ajili ya silaha, na ambayo silaha haiwezi kufanya kazi bila hiyo'."

Mistari minne inatosha. Weka jina, mtaa na tarehe, na ubaki na nakala. Kama una silaha kwa leseni, usiandike namba yake humo. Maoni husomwa na wengi.

Sheria au kanuni ikishatoka, tafuta tarehe ya kuanza kutumika. Si lazima iwe siku ya kutangazwa. Marekani zilipita karibu siku 120 katikati. Ndani ya siku hizo ndipo mwenye kitu anapokwenda kuuliza, na anaulizia kituoni, si kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Yule askari, kwa taarifa yenu, alikata mstari wake wa kwanza na kuandika upya: mtutu mmoja, bodi moja yenye triga, na namba yake. Akatupa stakabadhi. Shemeji alitaka kuitupa pamoja na lile sanduku; sasa iko kwangu, kwenye bahasha moja na cheti cha kifo cha babu.